Barbara Jordan, wakili wa Houston aliyeisoma Katiba mbele ya taifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, Barbara Jordan ni nani?

Ni mwanasheria mweusi wa Houston, Texas, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki 1996. Alianza uwakili kwenye meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake, akawa seneta katika bunge la jimbo la Texas kuanzia 1967, kisha mbunge wa Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu Januari 1973 hadi Januari 1979. Miaka iliyobaki alifundisha chuo kikuu. Nje ya Texas anakumbukwa zaidi kwa dakika chache za jioni ya tarehe 25 Julai 1974, alipoeleza mbele ya kamera za televisheni kwa nini Bunge lilikuwa na haki ya kumfungulia mashtaka Rais Richard Nixon.

Wengi humsifia sauti. Mimi naona sifa ya sauti imempunja. Nyuma ya sauti ile alikuwapo mtu aliyesoma sheria neno kwa neno, na karibu kila alichokipata katika siasa alikipata kwa kuzijua kanuni kuliko waliokaa mbele yake. Majibu yaliyo hapa chini nimeyaandika nikiwa na jambo hilo moyoni.

Alikulia katika mazingira gani?

Alizaliwa tarehe 21 Februari 1936 na kukulia Fifth Ward, mtaa wa watu weusi mjini Houston, wakati ubaguzi ulikuwa umeandikwa kwenye sheria: shule zao peke yao, viti vyao nyuma ya basi, mabomba yao ya maji ya kunywa. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa karani wa ghala na mhubiri wa Kibaptisti. Mama yake aliitwa Arlyne. Barbara alikuwa kitinda mimba, na wakubwa zake wawili wote walikuwa wasichana. Baba alikuwa mkali kuhusu alama za shuleni na matamshi. Neno likitamkwa ovyo mezani lilirudiwa.

Aliyemlea kwa namna tofauti alikuwa babu yake mzaa mama, John Ed Patten, aliyefanya biashara ya vyuma chakavu na matambara kwa mkokoteni wa kukokotwa na nyumbu. Jumapili, wengine wakiwa bado kanisani, mjukuu alikuwa kwa babu akisaidia kuchambua mali na kupewa sehemu ya faida. Mzee huyo aliwahi kufungwa gerezani baada ya mkasa na polisi wa Houston uliomwachia majeraha ya risasi, na baadaye akapata msamaha wa gavana. Hakuwa na imani kubwa na wakubwa wa dunia. Alimwambia mjukuu wake ajitegemee na asiige watoto wengine. Nikisoma maisha ya Barbara Jordan kwa miaka ya baadaye, jinsi alivyokuwa akiketi peke yake na kufikiri kabla ya kusema, namwona babu huyo.

Kwa nini alichagua sheria?

Akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Phillis Wheatley, shule ilimwalika Edith Sampson, mwanasheria mweusi kutoka Chicago, ambaye Rais Truman alikuwa amemteua mwaka 1950 kuwa katika ujumbe wa Marekani Umoja wa Mataifa. Msichana wa Fifth Ward hakuwa amewahi kumwona mwanamke mweusi wakili. Alirudi nyumbani na kutangaza kwamba atakuwa mwanasheria. Mama alisita, baba akasema kama ndilo alitakalo, basi. Alimaliza sekondari mwaka 1952.

Alisoma wapi?

Kwanza Texas Southern University, hapo hapo Houston, na historia ya chuo hicho ina uzito wake. Mwaka 1946 mfanyakazi wa posta aitwaye Heman Sweatt aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Badala ya kumfungulia mlango, serikali ya jimbo iliamua kuanzisha chuo kingine kwa ajili ya watu weusi. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Texas Southern. Sweatt hakukubali, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani ikiongozwa na wakili Thurgood Marshall, na mwaka 1950 majaji wakaamua kwamba shule ya pembeni haikuwa sawa na ile ya Austin. (Marshall ni yule yule aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960 na kuwaandalia rasimu ya sura ya haki za raia.) Uamuzi ulifungua kozi ya sheria na masomo ya juu, lakini kwa shahada ya kwanza mwaka 1952 milango ya Austin ilikuwa bado imefungwa.

Texas Southern alimkuta Tom Freeman, mwalimu wa mdahalo. Kikundi chake kilisafiri kwa gari mamia ya maili kushindana, wakipita miji ambayo hawakuruhusiwa kulala hotelini wala kula mgahawani. Mwaka 1956 walitoka sare na timu ya Harvard. Barbara Jordan alikumbuka sare hiyo kama ushindi, na sioni sababu ya kumbishia.

Baada ya shahada ya kwanza mwaka 1956 alikwenda Chuo Kikuu cha Boston kusoma sheria, akahitimu 1959. Huko ndiko alikopata mshtuko ulioubadilisha msimamo wake. Aligundua kwamba miaka kumi na sita ya kusifiwa katika shule za watu weusi haikumpa alichopewa mwanafunzi wa kizungu wa kawaida: mazoea ya kubishana juu ya hoja yenyewe, kuitetea, kuivunja na kuijenga tena. Kipaji cha kuhutubia hakikumsaidia darasani. Vikundi vya kujisomea vya wazungu havikumkaribisha, kwa hiyo yeye na weusi wenzake wachache wakaunda chao, wakasoma kwa sauti na kuulizana maswali hadi usiku mwingi. Kuna watu huiruka miaka hii mitatu ili wafike haraka kwenye hotuba. Mimi nasema hotuba ya 1974 iliandikwa Boston.

Alikuwa wakili wa aina gani?

Wakili wa mtaani. Alifaulu mitihani ya uwakili ya Massachusetts na Texas, akarudi Houston mwaka 1960 na kupokea wateja mezani nyumbani. Ilimchukua miaka mitatu kuweka akiba ya kutosha kukodi ofisi. Mwaka huo huo wa 1960 alijitolea katika kampeni ya Kennedy na Johnson, kwanza akilamba stempu na kupanga bahasha. Siku moja msemaji aliyetarajiwa kanisani hakufika, akaombwa asimame yeye. Tangu siku hiyo hakurudishwa kwenye bahasha. Akapewa kazi ya kupanga mabalozi wa nyumba kwa nyumba katika mitaa ya weusi ya kaunti ya Harris, na mtandao huo wa mabalozi ukawa mtaji wake wa baadaye.

Kwa nini alishindwa mara mbili kabla ya kushinda?

Swali hili naomba tulikalie, maana jibu lake linafundisha zaidi kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 1962 na tena 1964 aligombea kiti katika baraza la wawakilishi la Texas. Mara zote mbili aliungwa mkono kwa nguvu na weusi, mara zote mbili akashindwa. Tatizo halikuwa kampeni. Wawakilishi wa Houston walichaguliwa na kaunti nzima ya Harris: kila mpiga kura wa kaunti alipigia kila kiti. Weusi walikuwa wachache ndani ya kaunti, kwa hiyo hata wakipiga wote kwa mtu mmoja, kura zao zilimezwa. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya kichwa. Wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka jina hilo kwa maana ya kodi ya mkoloni. Texas ilikuwa na sura yake: ulilipa dola moja na senti kadhaa mapema mwaka wa uchaguzi, la sivyo hukupiga kura. Kwa mfanyakazi wa kufua nguo hizo hazikuwa senti kidogo.

Wapo waliomshauri baada ya 1964 kwamba mwanamke mweusi, mnene, mweusi sana wa rangi, hatachaguliwa kamwe, na kwamba atafute mahali pengine. Alifikiria kuhama Texas, kisha akabaki.

Kilichobadilika ni sheria. Mwezi Juni 1964, katika kesi iliyotoka Alabama, Mahakama Kuu iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yawe na idadi ya watu inayolingana: mtu mmoja, kura moja. Texas ililazimika kuchora ramani upya mwaka 1965, na Houston ikapata viti zaidi vya seneti. Jordan alipoitandaza ramani mpya aliona eneo la 11 la seneti, ndani yake Fifth Ward na mitaa ambayo tayari ilikuwa imempigia kura mara mbili. Mwanzoni mwa 1966 mahakama zikaifuta na kodi ya kichwa. Katika kura za mchujo za chama cha Democratic alishindana na J. C. Whitfield, mzungu mwenye uzoefu bungeni, akamshinda kwa kishindo.

Mtu yule yule, mtaa ule ule, sauti ile ile. Mstari wa ramani ndio uliosogea.

Katika Seneti ya Texas alifanya nini?

Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia seneti hiyo tangu 1883, na mwanamke mweusi wa kwanza katika bunge la Texas. Alikuta maseneta 30, wote wanaume, karibu wote wazungu. Baadhi walikuwa wabaguzi wa wazi. Hakuingia akipiga kelele. Alijifunza kanuni za kikao, akajua nani anadaiwa na nani, akakaa nao jioni walipokuwa wakinywa na kupiga gitaa.

Mfano mmoja naupenda. Katika seneti ile muswada haukuweza kujadiliwa bila ridhaa ya theluthi mbili, maana yake maseneta 11 kati ya 31 walitosha kuukwamisha. Ulipokuja muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, alizunguka akikusanya ahadi za wenzake mpaka hesabu ikatimia. Kisha akamwendea mwenye muswada na kumwambia anazo. Muswada ukafa bila hotuba hata moja.

Alishiriki kutunga sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara ya Texas, iliyowagusa watu ambao sheria ya shirikisho iliwaacha nje. Alisukuma pia vifungu vya kukataza ubaguzi katika mikataba ya serikali ya jimbo.

Ni kweli aliwahi kuwa gavana?

Kwa siku moja. Mwaka 1972 wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa seneti, na kwa desturi ya Texas gavana na naibu wake hutoka nje ya jimbo siku iliyopangwa ili mwenye cheo hicho ashike nafasi. Siku yake ilikuwa tarehe 10 Juni 1972. Hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amewahi kuongoza jimbo la Marekani, hata kwa siku moja. Watu wa Houston walikuja kwa mabasi, bendi za shule zikapiga. Baba yake, mzee Benjamin, alikuwapo. Alipata kiharusi siku hiyo hiyo ya sherehe na kufariki kesho yake, baada ya kumwona binti yake kwenye kiti cha gavana.

Aliingiaje Bunge la Marekani?

Mwezi Novemba 1972, kupitia eneo jipya la 18 la Houston, kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Mwaka huo yeye na Andrew Young wa Georgia walikuwa weusi wa kwanza kutoka Kusini kuingia Bunge la Marekani tangu George White wa North Carolina alipotoka mwaka 1901. Rais mstaafu Lyndon Johnson, Mtexas mwenzake, alimsaidia apewe nafasi katika Kamati ya Mahakama ya Baraza la Wawakilishi. Johnson alifariki Januari 1973, wiki chache baada ya Jordan kuapishwa. Hakuishi kuona nafasi ile ilizaa nini.

Nini hasa kilitokea tarehe 25 Julai 1974?

Mwezi Juni 1972 watu walikamatwa wakivunja ofisi za makao makuu ya chama cha Democratic katika jengo la Watergate, Washington. Miaka miwili baadaye swali lilikuwa kama Rais Nixon alishiriki kuficha uhalifu huo. Kwa Katiba ya Marekani, Baraza la Wawakilishi hufungua mashtaka, kisha Seneti husikiliza kesi na kuamua kama rais aondoke. Wasomaji wa Kenya wataona ufanano na utaratibu wa Katiba yao ya 2010. Kwa kawaida mashtaka huanzia katika Kamati ya Mahakama, iliyokuwa na wajumbe 38 chini ya Peter Rodino wa New Jersey. Kila mjumbe alipewa dakika 15, na kikao kilirushwa moja kwa moja.

Jordan alikuwa mbunge wa muhula wa kwanza, kwa hiyo zamu yake ilichelewa, na kuchelewa huko kukamweka hewani wakati wa jioni ambapo nyumba nyingi zilikuwa zimewasha televisheni. Alianza na maneno ya kwanza ya Katiba, “Sisi, watu”. Alisema ni mwanzo wenye ufasaha mkubwa, lakini hati ile ilipokamilika tarehe 17 Septemba 1787, yeye hakuwamo katika “sisi” hiyo. Kwa miaka mingi, alisema, alihisi kana kwamba George Washington na Alexander Hamilton walimwacha nje kwa bahati mbaya. Kwa njia ya marekebisho, tafsiri na hukumu za mahakama, hatimaye ameingizwa. Kisha akasema: “Imani yangu katika Katiba ni nzima, ni kamili, ni yote.” Na kwamba hatakaa pale kama mtazamaji asiye na kazi huku Katiba ikipunguzwa, ikipinduliwa na kuharibiwa.

Sehemu hiyo ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Kazi ya wakili ilikuja baada yake, na kwangu ndiyo sehemu bora.

Kwanza aliondoa kosa la kusoma. Baadhi ya wajumbe walidai kwamba kupiga kura ya mashtaka ni sawa na kusema rais aondolewe. Akawaambia huko ni kuisoma Katiba vibaya: baraza moja hushtaki, jingine huhukumu, na waliotunga Katiba walitenganisha kazi hizo kwa makusudi ili mshtaki asiwe hakimu.

Kisha akafanya jambo rahisi kulieleza na gumu kulijibu. Alisoma kipimo, akaweka kitendo kando yake. James Madison aliwaambia wajumbe wa Virginia kwamba rais akihusiana kwa namna ya kutiliwa shaka na mtu yeyote, na kukawa na sababu ya kuamini kwamba atamkinga, anaweza kushtakiwa. Kando ya maneno hayo akaweka ushahidi: watuhumiwa walilipwa fedha zilizochangwa kwa ajili ya kampeni ya 1972, na rais alijua. Rais alikutana mara 27 na Henry Petersen, ofisa wa Wizara ya Sheria aliyesimamia uchunguzi, kisha akakutana na wale wale waliokuwa wakichunguzwa. Akaendelea hivyo hivyo, kipimo na kitendo, bila tusi na bila kumwita rais jina lolote baya. Mwishoni akasema kwamba ikiwa kifungu cha mashtaka hakiwezi kufikia makosa kama haya, basi labda Katiba ile ya karne ya 18 itupwe katika mashine ya kukatia karatasi ya karne ya 20.

Ukiwa na mwanafunzi wa sheria nyumbani, mpe hotuba hii na penseli. Mwambie apige mstari chini ya kila kipimo na kuzungushia kila kitendo. Ataona jinsi hoja inavyojengwa.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyemwondoa Nixon?

Hapana, na kusema hivyo ni kuwanyima wengine haki yao. Siku moja kabla ya hotuba, Mahakama Kuu iliamua kwa majaji wanane bila mpinzani kwamba Nixon akabidhi kanda za sauti alizorekodi ofisini. Tarehe 27 Julai kamati ilipitisha shtaka la kwanza kwa kura 27 dhidi ya 11, na baadhi ya wajumbe wa Republican, chama cha rais mwenyewe, walikuwa miongoni mwa hao 27. Tarehe 5 Agosti ikatolewa kanda ya Juni 1972 ambamo rais alisikika akikubali kutumia shirika la ujasusi kuzuia uchunguzi. Alitangaza kujiuzulu tarehe 8 na akaondoka tarehe 9 Agosti.

Alichofanya Jordan ni kuwaelewesha wananchi kilichokuwa kikiendelea. Houston yakatokea mabango ya barabarani yenye maneno ya kumshukuru Barbara Jordan kwa kutuelezea Katiba.

Na hotuba ya 1976?

Tarehe 12 Julai 1976 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoa hotuba kuu kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Aliukumbusha umati kwamba chama hicho kilikuwa kimekutana kwa miaka 144 kuchagua wagombea, kisha akauliza: usiku wa leo una tofauti gani? Akajibu mwenyewe kwamba mimi, Barbara Jordan, ndiye mtoa hotuba kuu. Ukumbi ulilipuka. Jina lake likaanza kutajwa kwa umakamu wa rais. Jimmy Carter, mgombea urais wa chama hicho, aliposhinda, inajulikana kwamba wizara aliyoitaka Jordan ilikuwa ya Mwanasheria Mkuu, lakini hakupewa, naye hakutaka nyingine.

Kuna sheria gani yenye alama ya mkono wake?

Kubwa ni nyongeza ya mwaka 1975 katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Sheria ya awali ya 1965 haikuigusa Texas katika usimamizi maalumu wa shirikisho, yaani kuomba kibali Washington kabla ya kubadili kanuni za kura. Jordan alipigania iongezwe ili ilinde pia raia wasiosema Kiingereza, hasa Wamarekani wenye asili ya Mexico, na hivyo Texas ikaingia chini ya usimamizi huo. Viongozi wengi wa jimbo lake mwenyewe walipinga. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha kipimo kilichotumika kuamua majimbo ya kusimamiwa, na Texas ikatoka. Masharti ya karatasi za kura kwa lugha nyingine bado yapo, ila sheria ilitaja makundi: wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wenyeji wa asili wa Marekani na wa Alaska. Ndiyo sababu hata palipo na Waswahili wengi, sheria hiyo hailazimishi karatasi ya kura ya Kiswahili.

Alilaumiwa kwa lolote?

Ndiyo, tena na watu wake. Ramani mpya ya 1971 iliyompatia eneo zuri la Bunge la Marekani ililivunja eneo lake la seneti, na seneti ya Texas ikabaki tena bila mtu mweusi. Curtis Graves, aliyeshindana naye kwenye mchujo wa 1972, alimshutumu kwamba ameuza kiti cha weusi kwa faida yake. Mwaka 1975 alikwenda mahakamani kumtolea ushahidi wa tabia njema John Connally, gavana wa zamani aliyeshtakiwa kwa rushwa, mtu ambaye weusi wengi hawakumpenda. Connally aliachiwa huru.

Lawama ya Graves naiona ina ukweli ndani yake. Jordan aliamini kwamba mamlaka hupatikana ndani ya chumba, na aliyeko ndani ya chumba hulipia. Sitamtetea kwa kusema hakujua bei.

Kwa nini aliacha siasa akiwa na umri wa miaka 42 tu?

Mwaka 1973 madaktari walimgundua na maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva na mtu hupoteza polepole nguvu za miguu. Aliuficha kwa miaka mingi. Alianza kutembelea fimbo, akahamia kigari cha kusukuma, mwishowe kiti cha magurudumu. Mwenyewe hakusema kwamba ugonjwa ndio uliomwondoa. Alisema anataka kazi nyingine. Mwaka 1979 alianza kufundisha maadili na sera za umma katika shule ya Lyndon B. Johnson ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, chuo kile kile ambacho asingekubaliwa alipomaliza sekondari. Wanafunzi walioomba semina yake walizidi viti, ikabidi ipigwe kura ya bahati nasibu. Jioni alionekana uwanjani akiwashangilia wasichana wa timu ya chuo ya mpira wa kikapu.

Aliolewa?

Hapana. Aliishi kwa miaka mingi na mwenzi wake Nancy Earl, na ndiye aliyemwokoa mwaka 1988 alipokaribia kufa maji katika bwawa la kuogelea nyumbani kwao. Hakuyazungumzia maisha yake ya ndani hadharani, nami sitaongeza neno.

Alikuwa na uhusiano wowote na Afrika?

Mwaka 1985 aliteuliwa katika jopo la Umoja wa Mataifa lililosikiliza habari za kampuni za kimataifa zilizokuwa zikifanya biashara Afrika Kusini na Namibia wakati wa utawala wa makaburu.

Nasikia alipinga wahamiaji. Ni kweli?

Sio hivyo. Kuanzia mwishoni mwa 1993 aliongoza tume ya kurekebisha uhamiaji, na tume ilipendekeza idadi ya wahamiaji halali ipunguzwe hadi takribani 550,000 kwa mwaka, familia ya karibu itangulie ndugu wengine, na waajiri wahakiki vibali vya kazi. Kwa Mswahili aliyeko Marekani akisubiri kumvuta kaka yake, mapendekezo hayo yangeuma. Lakini mwaka 1995 palipotokea hoja ya kuwanyima uraia watoto waliozaliwa Marekani na wazazi wasio na vibali, alikwenda Bungeni kuikataa. Uraia wa kuzaliwa uko katika Marekebisho ya 14, kifungu kilichowaingiza watumwa walioachiwa huru katika ile “Sisi, watu”. Wanaomnukuu leo upande mmoja tu hawajamsoma.

Alifariki lini, na kama niko Texas naweza kuona nini?

Alifariki Austin tarehe 17 Januari 1996 kwa nimonia, akiwa pia na saratani ya damu, na umri wa miaka 59. Miaka miwili kabla, Rais Clinton alikuwa amemvisha Nishani ya Rais ya Uhuru. Ibada ya mazishi ilikuwa Houston, kanisa la Good Hope alilokulia.

Ukitua Austin kwa ndege, jengo la abiria lina jina lake, na sanamu yake imo humo, ameketi akiwaza. Nyingine iko kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Texas. Nyaraka zake zimehifadhiwa Texas Southern, Houston, kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Kaburi liko Makaburi ya Jimbo la Texas, mashariki mwa Austin. Ni mwanamke mweusi wa kwanza kuzikwa humo, kwenye kilima kimoja na Stephen F. Austin, aliyewaleta walowezi Texas na kupigania waruhusiwe kuja na watumwa wao.